Nafasi Tano za Paking, Mama wa Dukani na Hesabu za Erlang

  

Mhariri ameniomba niandike somo kuhusu kazi ninayoifanya kwenye shahada yangu, yaani uhandisi wa usafirishaji, kwa lugha ambayo hata wenzetu wa sheria na uuguzi wataielewa. Badala ya kuwachosha na sura ya pili ya tasnifu, nimeona niwaelezee ule ugomvi wa paking kwenye safu ya maduka nyuma ya kampasi. Wengi wenu mlipita pale Septemba 2024 mkaiona karatasi iliyofungwa kwa nailoni kwenye nguzo ya taa, na hamkuisoma. Mimi pia sikuisoma, mpaka nilipoagizwa niijibu.

Aliyeniagiza ni mama mwenye duka letu. Sina haja ya kumtaja, maana kila aliyewahi kutamani ugali katika mji huu anamfahamu. Ndiye anayetuletea sembe, mihogo, ndizi za kupika, dagaa na mchele wa magunia. Ndiye mwenye daftari la madeni lenye majina yetu karibu sote. Siku hiyo niliingia na shikamoo yangu, akaitikia marahaba, kisha akaniwekea ile karatasi juu ya kaunta.

"Mwanangu, wewe si mhandisi wa barabara? Hawa wanataka kuniua. Wanachukua paking yote mbele ya duka, wanafanya mahali pa malori. Wateja wangu wataegesha wapi? Niandikie barua, iwe kali."

Nikasema sawa mama, nitaandika. Nilikubali kabla sijasoma hata mstari mmoja. Deni langu kwenye daftari wakati ule lilikuwa limepita paundi arobaini, kwa hiyo msinicheke.

Karatasi ilisema hivi: halmashauri inakusudia kuziondoa nafasi tano za kuegesha bure kwa muda wa saa moja, na mahali pake pawe eneo la kupakia na kupakua mizigo, kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Mwenye pingamizi aandike.

Sheria inasemaje

Hapa naomba tutulie kidogo, maana jambo hili litawafaa hata kama hamna gari. Nchini Uingereza halmashauri haiwezi kuamka asubuhi ikapaka rangi barabarani na kuanza kutoza faini. Lazima itoe amri ya trafiki chini ya sheria ya barabara ya mwaka 1984, na kwa England na Wales hatua za kufuata zimewekwa katika kanuni za mwaka 1996. Scotland wana utaratibu wao. Halmashauri inatangaza kusudio lake kwenye gazeti la mahali hapo, kwa kawaida inabandika na notisi mtaani, na inatoa siku zisizopungua 21 za kupokea pingamizi.

Nani anaruhusiwa kupinga? Mtu yeyote. Kanuni hazisemi raia, wala mpiga kura, wala mwenye nyumba. Wewe uliyekuja jana na viza ya mwanafunzi unaruhusiwa. Masharti ni kwamba uandike, uandike ndani ya muda, na utoe sababu. Hilo la mwisho ndilo linalotuangusha watu wetu. Tunakusanya sahihi mia mbili za "hatutaki" na kuamini tumemaliza kazi. Zile sahihi zinahesabiwa kama maoni, sawa, lakini ofisa anayeandika ripoti kwa madiwani anatafuta sababu anazopaswa kuzijibu. Barua moja yenye sababu nzito itamsumbua zaidi.

Na sababu nzito zinapatikana ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 122 cha sheria ile ya 1984 kinaitaka halmashauri ihakikishe magari na watu wa miguu wanapita kwa wepesi na kwa usalama, na pia ihakikishe kuna maegesho ya kutosha, huku ikiangalia jinsi watu wanavyofika kwenye majengo. Ukisoma vizuri utaona kifungu kinavuta pande mbili, na ndani ya mvutano huo ndimo ugomvi wote wa paking ulimo. Kuna pia sheria ya usawa ya mwaka 2010, inayozitaka ofisi za umma zifikirie athari za maamuzi yao kwa makundi kama wazee na watu wenye ulemavu kabla ya kuamua.

Mtaani watu walikuwa wanasema, "Hawa wanatafuta hela tu." Kwa taarifa yenu, kutafuta hela hakuruhusiwi kuwa ndiyo sababu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya mkazi mmoja dhidi ya halmashauri ya Barnet huko London, kwamba sheria ya 1984 si chombo cha kukusanyia mapato, na upandishaji wa ada za vibali vya kuegesha ukatenguliwa. Lakini huwezi kwenda na tuhuma hiyo kama huna ushahidi, na sisi hatukuwa nao.

Tulivyohesabu

Kabla ya kuandika barua kali nilitaka takwimu za kuitia nguvu. Nikamwomba dada mmoja wa chama chetu, anayesoma takwimu, tukakaa siku mbili kwenye dirisha la mkahawa wa upande wa pili tukiwa na kalamu, karatasi na saa. Njia ni rahisi, hata mtoto wa darasa la saba anaiweza. Kila baada ya dakika 15 unaandika herufi tatu za mwisho za namba ya gari lililo katika kila nafasi. Ukiiona namba ile ile mara tano mfululizo, ujue gari limeshakaa zaidi ya saa moja. Kwa magari ya mizigo unaandika saa ya kufika, saa ya kuondoka, na mahali liliposimama.

Nilitegemea kuona wateja wakiingia na kutoka. Nilichokiona ni magari matatu yaliyofika kabla ya saa 2 asubuhi na kukaa mpaka jioni. Moja la kinyozi. Moja la msichana wa ofisi ya upangishaji nyumba. La tatu, jamani, ni lile gari la fedha la mpwa wake mama, anayefanya kazi dukani kwake.

Kwa hiyo zile nafasi tano zilizokuwa zinagombaniwa kwa jina la wateja kwa kweli zilikuwa mbili. Na wateja wengi wa duka tuliwaona wakija kwa miguu au wakishuka kwenye basi, mfuko mkononi. Baadaye niligundua kuwa hili si la mtaani kwetu peke yake. Mwaka 2006 shirika la Sustrans lilifanya utafiti Bristol: wenye maduka walikadiria kwamba wateja 41 kati ya 100 wanakuja kwa gari, walipoulizwa wateja wenyewe wakawa 22. Sidhani kama wale wenye maduka walikuwa waongo. Anayekuja kwa gari hununua gunia na hulalamika paking, ndiye unayemkumbuka. Anayekuja kwa miguu ananunua dagaa wa paundi mbili na kwenda zake.

Magari ya mizigo nayo yalikuwa balaa. Nafasi zimejaa, kwa hiyo yanasimama katikati ya barabara, taa za dharura zinawaka, basi limekwama nyuma. Siku ya pili lilikuja gari la mchele. La mama mwenyewe! Likasimama upande wa pili wa barabara, na vijana wawili wakaanza kuvusha magunia ya kilo 20 mabegani kati ya magari yanayopita. Nilikuwa nayahesabu magunia na moyo unanienda mbio. Wengi wetu tumebeba maboksi katika nchi hii, mimi mwenyewe nimewahi kuwa msaidizi kwenye gari la mizigo kila Jumamosi kwa miezi minane. Najua dereva anavyohesabiwa dakika, na najua mgongo unavyokuwa jioni. Lakini tulikuwa tukiambiwa tuvushe mzigo barabarani tunavusha, wala sikuwahi kufikiri kwamba tatizo ni jinsi mtaa ulivyopangwa.

Wanaoendesha wazingatie pia hili. Mistari miwili ya njano inakataza kuegesha muda wote, lakini kwa kawaida haikatazi kupakua mzigo. Angalia jiwe la ukingoni: kama lina vijistari vifupi viwili viwili vya njano, hata kupakua marufuku wakati wowote. Kijistari kimoja kimoja maana yake kuna saa za marufuku, soma kibao. Mtaani kwetu vimo viwili viwili pande zote mbili zilizobaki, ndiyo maana magari yale hayakuwa na pa kwenda.

Sasa hesabu

Swali la kihandisi ni hili: magari ya mizigo yanahitaji nafasi ngapi? Ajabu ni kwamba jibu lilishapatikana zamani na mtu wa simu. Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni ya kukadiria ni simu ngapi zitakosa laini. Nafasi ya kupakulia ni laini, gari la mizigo ni simu.

Kwanza tafuta uzito wa kazi. Zidisha idadi ya magari yanayofika kwa saa na muda ambao kila moja linakaa, ukiuandika kwa saa. Tuseme asubuhi yanafika magari 6 kwa saa na kila moja linakaa dakika 15, yaani robo saa. Sita mara robo ni 1.5. Kipimo hicho kinaitwa erlang, kwa heshima yake. Mtu wa haraka haraka atasema: 1.5, basi nafasi mbili zinatosha na chenji inabaki. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu magari hayafiki kwa foleni ya shule. Yanafika matatu kwa mpigo, halafu nusu saa kimya.

Kanuni yenyewe inapanda hatua kwa hatua. Unaanza na nafasi sifuri, ambapo uwezekano wa kukosa ni 1, yaani wote wanakosa. Kisha kwa kila nafasi unayoongeza, chukua jibu la hatua iliyopita, lizidishe na uzito wa kazi, halafu ugawe kwa jumla ya namba ya nafasi na hicho hicho ulichozidisha. Kwa nafasi moja: 1.5 gawanya kwa 2.5, unapata 0.6. Kwa mbili: 1.5 mara 0.6 ni 0.9, gawanya kwa 2.9, unapata 0.31. Kwa tatu ni 0.13, na kwa nne ni karibu 0.05.

Maana yake nini? Ukiweka nafasi mbili, karibu gari moja kati ya matatu litakuta pamejaa. Ukiweka tatu, moja kati ya saba au nane. Ukiweka nne, moja kati ya ishirini. Kila nafasi unayoongeza inasaidia pungufu ya iliyotangulia, huku mwenye gari dogo akipoteza kiasi kile kile. Mchana, magari yakipungua kuwa mawili kwa saa, uzito unashuka kuwa 0.5, na nafasi moja tu inakosesha theluthi, mbili zinakosesha asilimia 8.

Kanuni ya Erlang ina kasoro moja hapa: inadhani simu iliyokosa laini inakata na kupotea. Gari la mchele halipotei. Linasimama katikati ya barabara.

Kwa kuangalia hesabu hizo ikawa wazi kwamba halmashauri ilikuwa na haki asubuhi na ilikuwa imezidisha mchana. Urefu wa ule ukingo ni mita 30 hivi, nafasi tano za mita sita. Na kulikuwa na kosa la tatu ambalo hakuna aliyelitaja. Kuna mzee mmoja anayekuja na beji ya bluu, ile ya watu wenye ulemavu, akinunua mahitaji kila Alhamisi. Beji ile inamruhusu kuegesha hadi saa tatu kwenye mistari ya njano, lakini si palipokatazwa kupakua, na haimpi ruhusa ya kuegesha ndani ya eneo la kupakulia mizigo. Amri ikipita kama ilivyoandikwa, mzee yule hana pa kusimama mtaa mzima. Hiyo ndiyo sababu nzito tuliyokuwa tunaitafuta, na ilikuwa imekaa mbele yetu kila Alhamisi.

Nikachora pendekezo. Mita 6.6 ziwe nafasi ya watu wenye ulemavu, muda wote. Huo ndio urefu wa chini unaoshauriwa kwa nafasi za kando ya barabara. Zinabaki 23.4. Asubuhi mpaka saa 5 zote ziwe za kupakua, zinaingia gari tatu za mizigo za mita 7.8 kila moja. Baada ya saa 5, mita 12 zirudi kwa wateja, magari mawili, nusu saa kila moja, na 11.4 zibaki za mizigo. Kugawana ukingo kwa saa si uvumbuzi wangu. London wanafanya hivyo kwenye zile barabara zao za mistari mikundu zilizoanza kwa majaribio mwaka 1991: kisanduku cheupe kinatumika muda wote, chekundu nje ya saa za msongamano tu.

Sasa fikirini kwa upande wa mama. Nafasi mbili za nusu saa, kuanzia saa 5 mpaka saa 12 jioni, zinaweza kupokea magari hadi 28. Zile mbili alizokuwa nazo kweli, kwa saa moja moja, zilikuwa zinapokea 14 kwa muda huo huo. Kwenye karatasi ni faida. Lakini nendeni mkamwambie mwenye duka kwamba mbili ni zaidi ya tano.

Mimi nilikwenda. Nilimkuta anapanga ndizi. Nikamwambia mama, ile barua siwezi kuiandika kama ulivyotaka, na nikamweleza habari ya gari la fedha. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Kwa hiyo nilikutuma uniandikie barua, ukaenda kukaa mkahawani kunipeleleza."

Sikuwa na jibu. Hesabu zilikuwa sahihi, lakini yeye alikuwa amenipa chakula kwa mkopo tangu mwaka wangu wa kwanza. Nikamwambia nitaandika barua mbili. Ya kwanza yake, kwa maneno yake mwenyewe, mimi nikiwa mwandishi tu, na yale ya wateja wake ayaseme, ni haki yake. Ya pili yangu, yenye hesabu na habari ya mzee wa Alhamisi. Akakubali ya kwanza, ya pili akasema hataki kuiona. Wiki tatu nilinunua unga supamaketi, na mnaujua ule unga.

Halmashauri ilipokea barua zote mbili. Uamuzi ulitoka Januari 2025: hawakupitisha amri ya kudumu, wakaamua kutoa ya majaribio. Hii nayo ifahamuni. Amri ya majaribio inaweza kudumu hadi miezi 18, na katika miezi sita ya kwanza mtu anaweza kupinga isifanywe ya kudumu, akiwa ameshaiona inavyofanya kazi. Walichukua nafasi ya beji ya bluu na mgawanyo wa saa. Saa 5 yangu wakaifanya saa 4, sababu hawakuisema.

Kuna aliyeniuliza kwenye kikao chetu kama mambo haya yana maana yoyote kwetu nyumbani, ambako paking ni popote gari linapoingia. Nikamwambia afikirie Kariakoo. Jina lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa vita vya kwanza vya dunia, na mpaka leo mizigo pale inakwenda kwa mabega na mikokoteni kati ya magari. Zanzibar, Mji Mkongwe, vichochoro havipitishi lori, hamali wanapokea mzigo pembeni na kuuingiza kwa gari la kusukuma. Kule ukingo wa barabara nao una wenyewe na una saa zake, ila haujaandikwa. Na ukitaka kuuhesabu, kalamu na saa vinatosha.

Siku ya kwanza ya majaribio nilipita saa 2 asubuhi. Gari la mchele lilikuwa limesimama mlangoni kabisa, vijana wanashusha magunia hatua nne mpaka kwenye stoo. Gari la fedha la mpwa lilikuwa limeegeshwa mtaa wa nyuma, kibao cha faini juu ya kioo. Mama alinitazama, akaniita ndani, akafungua daftari.

"Lile la mkahawani nimekusamehe," akasema. "Hili hapa ni arobaini na tatu na senti sitini."